JICHO NA VITU VIENDAVYO

Senene akitulia juu ya unyasi katika rweya, hata mtu mwenye macho makali aweza kumtazama asimwone. Rangi yake ni ya majani, na umbo lake jembamba ni la jani. Lakini akipiga hatua moja tu, papo hapo amekwisha kuonekana mzima mzima, tangu papasi mpaka miguu. Rangi yake haikubadilika, wala nuru haikuongezeka. Kilichoongezeka ni mwendo peke yake. Basi swali ninalotaka kulieleza katika makala hii ni hili: mwendo umeliambia jicho jambo gani ambalo rangi na umbo havikuweza kuliambia?

Swali hili lilizuka katika darasa letu la Kidato cha Nne wakati wa somo la Biolojia, tulipokuwa tumekwisha kuchora jicho na kuandika majina ya sehemu zake. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini jicho lililotulia lione mbuzi akipita migombani, na majani yote ya migomba yanatikisika pia. Mwalimu akajibu kwamba hapo tumetoka katika jicho na kuingia katika ubongo, akatuachia tutafute. Nimetafuta muhula mzima, na niliyoyapata nayaweka hapa kwa faida ya wenzangu, walimu wetu na wazazi. Wazazi nawaomba wasiache kusoma katikati, maana sehemu ya mwisho inawahusu wao zaidi.

Kwanza yafaa tukumbuke jicho ni kitu gani. Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, nao una chembe zipokeazo nuru, zaidi ya milioni 100 katika kila jicho. Kila chembe huona doa moja dogo la nuru, basi. Haijui mbuzi, haijui mgomba. Tena nyuzi za neva zitokazo katika jicho kwenda ubongoni ni kama milioni moja tu, kwa hiyo hata kabla habari hazijaondoka jichoni, zimekwisha kufupishwa sana, kama vile karani afupishavyo barua ndefu kuwa maneno machache. Madoa hayo ndiyo mali yote aliyo nayo mtu. Kutokana nayo ubongo hauna budi kuamua ni madoa gani ni ya kitu kimoja, na ni yapi ya kitu kingine.

Kitu kikiwa kimetulia, ubongo hutumia rangi, kivuli na mistari ya ukingo. Lakini kwa senene vitu hivyo vyote ni vya uongo. Hapo ndipo mwendo unapofanya kazi yake, nami nataka msomaji aone kwa macho yake mwenyewe, maana jaribio hili halina gharama.

Chukua majalada mawili ya plastiki angavu, kama yale tunayofunikia madaftari. Kwa kalamu ya wino usiofutika, tia nukta kama mia mbili katika kila jalada, ovyo ovyo, bila mpango wowote. Weka moja juu ya jingine, kisha mpe mwenzako atazame. Mwulize ni nukta zipi za jalada la juu na zipi za jalada la chini. Hataweza kukujibu, ataona uwanja mmoja wa nukta. Sasa vuta jalada la juu polepole, upana wa kidole kimoja tu. Mara nukta zote mia mbili za juu hujitenga na zile za chini, na mtazamaji huona kabisa kwamba kuna pazia moja mbele ya pazia jingine. Simamisha mkono, nazo zarudi kuwa kitu kimoja, usiweze tena kuzitofautisha hata ukijua jibu.

Sisi tuliendelea mbele kidogo. Tulichukua karatasi nyeupe tukatia nukta kama mia nne, na juu yake tukaweka plastiki yenye nukta ishirini na tano tu, zilizopangwa kufuata umbo la mbuzi. Wenzetu wa Kidato cha Pili waliitazama wasione kitu. Tulipoisogeza plastiki, kumi na mmoja kati ya kumi na wawili wakasema kwa sauti moja, “Mbuzi!” Yule wa kumi na mbili alisema ni mbwa, na kwa haki, mchoraji wetu si fundi sana.

Jaribio hili lina sheria moja ndani yake. Mtaalamu wa Ujerumani, Max Wertheimer, aliiandika mwaka 1923 pamoja na sheria nyingine za namna macho yanavyopanga vitu: vitu vinavyokwenda pamoja, upande mmoja na kwa kasi moja, huonekana kuwa kitu kimoja. Ukitaka kuiona sheria hiyo bila plastiki wala wino, simama ufukoni hapa Bukoba siku vile vijidudu vya ziwani vinapopanda kwa wingi. Kwa mbali ni kama moshi mweusi uliosimama juu ya maji, na kila mtu huita “wingu”, nalo ni maelfu na maelfu ya wadudu wasioshikana hata kidogo. Kuwa wamoja kwao ni kwenda pamoja tu. Kadhalika mbuzi migombani. Kati ya shina na shina waona kipande cheupe cha ubavu hapa, kipande cha mguu pale, na pembe juu ya jani. Vipande hivyo vingetulia, vingekuwa ni vipande tu. Lakini vyote vyaenda upande mmoja kwa hatua moja, nao ubongo huvishona pamoja ukasema: ni mbuzi mmoja nyuma ya mashina matatu. Majani nayo yanakwenda, ni kweli, lakini kila jani huenda na kurudi mahali pake. Mbuzi haendi na kurudi.

Mtu wa Sweden, Gunnar Johansson, alionyesha mwaka 1973 jambo la ajabu zaidi. Aliwavika watu taa ndogo kwenye viungo, yaani mabega, viwiko, magoti na vifundo, akawapiga picha za sinema gizani, hata zikaonekana taa peke yake. Walipotulia, watazamaji waliona taa chache zisizo na maana. Walipotembea, kila mtazamaji alitambua mara moja kwamba ni mtu anayetembea.

Sasa nije kwenye jambo lililonishinda kwa muda mrefu. Ikiwa chembe ya retina yaona doa moja tu, nani ajuaye kwamba doa limekwenda, tena limekwenda kulia wala si kushoto? Jibu lilianza kupatikana kwa mdudu. Mwaka 1956 Bernhard Hassenstein na Werner Reichardt wa Ujerumani walieleza, kwa kumchunguza mbawakawa, jinsi chembe mbili zilizo jirani na kuchelewa kidogo vinavyotosha kuonyesha upande wa mwendo. Nitalieleza kwa mfano wa barabara yetu wenyewe.

Tuseme kuna mlinzi mmoja Kemondo na mwingine Muhutwe, na wote wana simu ya karani aliyeko Muleba. Mlinzi wa Muhutwe akiona basi likipita hupiga simu papo hapo. Mlinzi wa Kemondo ameagizwa angoje kwanza, kwa muda ule ule ambao basi hutumia toka Kemondo hadi Muhutwe, ndipo apige. Karani ana amri moja: simu mbili zikilia kwa wakati mmoja, piga kengele, zisipolia pamoja, nyamaza. Basi likitoka Bukoba kwenda Muleba, litapita Kemondo, mlinzi atangoja, na wakati anapopiga ndipo basi linapofika Muhutwe. Simu zalia pamoja, kengele yapigwa. Basi likirudi Bukoba, simu ya Muhutwe italia kwanza, na ile ya Kemondo italia baadaye sana. Karani atanyamaza. Walinzi hawa wawili hawajui upande wa basi. Karani naye hakuliona basi kabisa. Walakini kengele yake ikilia, basi linakwenda kusini. Weka karani wa pili mwenye mpango wa kinyume, nawe utajua yaendayo kaskazini.

Si hadithi ya mdudu peke yake. Mwaka 1965 Horace Barlow na William Levick waliripoti kwamba katika retina ya sungura kuna chembe za neva zinazolia, kwa mfano wetu wa kengele, doa linapopita upande mmoja, na kunyamaza linapopita upande wa kinyume, ingawa kwa sungura kazi kubwa hufanywa na ujumbe wa kuzuia. Kwa chura mambo ni makali zaidi. Mwaka 1959 Jerome Lettvin na wenzake wa Marekani waliandika kwamba chura aliyezungukwa na inzi wasiosogea aweza kufa njaa, kwa kuwa kwake yeye kisichokwenda si chakula. Katika binadamu na kima, kazi hii hufanywa zaidi ndani ya ubongo, na katika miaka ya 1970 wataalamu wakachimbua kwa kima sehemu maalumu ya ubongo, kuelekea nyuma na pembeni, ambayo karibu chembe zake zote hujali upande wa mwendo.

Karani mmoja hatoshi, hata hivyo. Kila mmoja wao hutazama dunia kupitia tundu dogo sana. Toboa karatasi tundu la ukubwa wa shilingi mia, na nyuma yake pitisha rula iliyolala mshazari, hata ndani ya tundu uonekane ukingo wake tu. Isukume rula moja kwa moja kulia. Atazamaye tunduni ataona ukingo unakwenda mshazari, wala si kulia. Hana kosa, ndivyo tundu linavyomwambia. Ili kujua ukweli, ubongo hauna budi kukusanya habari za matundu mengi, hasa yale yaliyopata pembe au ncha ya kitu, na kuzipatanisha. Ndiyo maana ncha za papasi za senene humfichua upesi kuliko mgongo wake.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba mtazamaji ametulia. Lakini hatutulii. Tukigeuza kichwa, picha yote katika retina huenda mbio, nasi hatuoni kuta zikikimbia. Jaribu mambo mawili. La kwanza, simama mbele ya kioo, utazame jicho lako la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena. Mwenzako aliye kando ataona macho yako yakiruka. Wewe mwenyewe hutayaona yakisogea hata mara moja, maana ubongo huufifisha mwono wakati wa kuruka. La pili, fumba jicho moja, na lile lililo wazi lisukume polepole sana kwa kidole juu ya kope la chini, pembeni. Dunia yote yatikisika! Katika hali zote mbili jicho limesogea. Tofauti ni aliyelisogeza. Ubongo unapotoa amri kwa misuli ya jicho, hufanya kama karani aandikaye barua kwa nakala mbili: moja huenda kwa misuli, na nakala huenda kwa sehemu ionayo, kusema, “Picha itasogea, usishtuke, ni sisi wenyewe.” Kidole hakina nakala. Hermann von Helmholtz alikwisha kulifikiri jambo hili katika karne ya 19, na mwaka 1950 Erich von Holst na Horst Mittelstaedt wakalieleza wazi kwa majaribio ya wanyama.

Na tunapopanda basi, mambo huwa mazuri zaidi. Mimi nikitoka shuleni kwenda nyumbani wakati wa likizo hupenda kuketi dirishani upande wa kushoto, upande wa ziwa. Baada ya Kemondo, kama ukikaza macho juu ya nyumba iliyo umbali wa kati, utaona dunia imegawanyika sehemu mbili. Migomba iliyo kati yako na nyumba ile hukimbia nyuma, ya karibu ikikimbia zaidi. Vilivyo ng'ambo ya nyumba, pamoja na kisiwa cha Bumbire kule ziwani mahali kinapoonekana, hufuatana na basi kana kwamba vimelipiwa nauli. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichosogea ardhini. Lakini kasi hizo mbalimbali ndizo zinazoliambia jicho kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, hata kwa mtu mwenye jicho moja. Na katikati ya mbio hizo zote, mtoto akikimbia kando ya barabara huonekana mara moja, kwa kuwa mwendo wake haupatani na umbali wake. Ubongo huondoa kwanza mwendo uliotokana na basi. Kinachobaki ndicho kiendacho chenyewe.

Mashine hii ina makosa yake, nayo yanafundisha kuliko usahihi wake. Mwezi hukimbia kati ya mawingu: Karl Duncker alieleza mwaka 1929 kwamba jicho, likiona vitu viwili tu vikitengana, hupenda kukisema kile kikubwa kinachozunguka kuwa ndicho kilichotulia. Ndiyo maana vilevile meli ikiondoka gatini polepole, mtu aliye ndani huweza kuona gati ndiyo inayoondoka. Usiku usio na mwezi, wavuvi wa dagaa wawashapo taa ziwani, ukitazama taa moja iliyo peke yake gizani kwa muda, utaiona inatangatanga, na huku imetulia. Haina jirani wa kuipimia. Zikiwa taa kumi, hazitangitangi. Na ukitazama maji yakiporomoka mwambani kwa dakika moja hivi bila kupepesa macho huku na huku, kisha ukatazama mwamba ulio kando, mwamba utapanda juu. Robert Addams aliliandika jambo hili mwaka 1834, baada ya kutazama maporomoko ya Foyers huko Scotland. Makarani wa “chini” wamechoka kwa kupiga kengele, na wale wa “juu”, ambao daima hulia kidogo kidogo, sasa wanasikika peke yao.

Uwanjani Kaitaba kuna kosa la namna nyingine, yaani la uchache. Zenon Pylyshyn na Ron Storm wa Kanada walionyesha mwaka 1988 kwamba mtu aweza kufuata kwa macho vitu vichache tu viendavyo kwa wakati mmoja, vinne au vitano, kati ya vingi vinavyofanana. Wachezaji ni ishirini na wawili. Watu wanaomzomea mshika kibendera wangelikumbuka hilo, labda wangezomea kwa sauti ndogo zaidi.

Sasa nafika kwenye sehemu niliyowaahidi wazazi. Yote niliyoeleza yahusu kitu kinachopita mbele yetu, kutoka upande huu kwenda upande ule. Kuna mwendo mmoja ambao karibu haumo katika hesabu hiyo, nao ndio ulio hatari: mwendo wa kitu kinachokuja moja kwa moja. Mabaharia wanaijua kanuni hii. Ukiona chombo kingine ziwani, na kila ukitazama kiko pale pale juu ya ukingo wa mtumbwi wako, hakiendi mbele wala hakirudi nyuma, bali kinakua tu, basi mtagongana. Chombo kinachosogea kando machoni pako kitapita. Kinachokuja kukugonga ndicho kisichosogea, na jicho, lililo hodari wa kufichua senene, hapo halina cha kufichua isipokuwa kukua kwa picha.

Na kukua huko ni kudogo mno mwanzoni. Nyoosha mkono, inua kidole gumba: upana wake machoni ni kama digrii 2. Pikipiki na mwendeshaji wake, tuseme upana wa sentimita 80, ikiwa umbali wa mita 100 ni digrii 0.46, yaani chini ya robo ya kidole gumba. Ikija kwa kilomita 50 kwa saa, baada ya sekunde moja picha yake imeongezeka digrii 0.07. Ikija kwa kilomita 80 kwa saa, imeongezeka digrii 0.13. Tofauti kati ya mwenda kwa utaratibu na mwenda mbio ni hiyo tu. Lori lenye upana wa mita 2.5 huonekana kubwa mara tatu, na kukua kwake ni mara tatu pia. Ndiyo maana watu huliogopa lori na kuidharau bodaboda, nazo zaweza kuwa na kasi moja.

Kuna mwanamke mmoja aliyeelezwa mwaka 1983 na Josef Zihl na wenzake, mjini München. Ubongo wake uliumia pande zote mbili katika sehemu zinazohusika na mwendo, akapoteza kuona mwendo peke yake. Rangi aliziona, watu na vitu alivitambua. Lakini chai aliyokuwa akimimina ilionekana imeganda, na kikombe kilimfurikia kwa sababu hakuiona ikipanda. Kuvuka barabara kulimtisha: gari lilikuwa mbali, kisha ghafula liko karibu, katikati hapakuwa na kitu. Niliposoma habari hizo nilimfikiria mdogo wangu wa darasa la pili. Hana ugonjwa wowote. Lakini mwaka 2011 John Wann na wenzake, wa Chuo Kikuu cha London, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa shule za msingi, wakaona kwamba uwezo wa watoto wa kutambua kukua kwa picha uko chini ya ule wa watu wazima, na kwamba huenda mtoto asitambue kabisa kuwa gari linakuja, likiwa na kasi inayopita kama kilomita 30 kwa saa. Mtoto wa miaka minane aliyetazama kulia na kushoto kama alivyofundishwa, akaliona gari, akaliona limetulia, hakufanya uzembe. Mwaka jana mtoto wa jirani yetu aligongwa na pikipiki akavunjika mguu, na watu wazima wote pale njiani walisema, “Hakutazama.” Mimi sasa sina hakika kwamba hakutazama.

Nyumba yetu iko upande mmoja wa barabara ya lami iendayo Muleba, na shule ya mdogo wangu iko upande wa pili. Likizo iliyopita binamu yangu nami tuliipima barabara kwa kamba, tukapata mita 7. Kisha uani kwetu, mahali pasipo gari, tulimwambia mdogo wangu atembee mita 7 kwa mwendo wake wa kila siku akiwa na mkoba. Alitumia sekunde 7. Sasa fanya hesabu. Pikipiki ya kilomita 50 kwa saa hukata mita 13.9 kwa sekunde, kwa hiyo ikiwa mita 100 itafika kwa sekunde 7.2. Mtoto amevuka kwa tundu la sindano. Ile ya kilomita 80 hukata mita 22.2 kwa sekunde, nayo itafika kwa sekunde 4.5, mtoto akiwa amepita katikati kidogo tu. Ili avuke salama mbele ya pikipiki ya namna hiyo, lazima iwe mbali zaidi ya mita 155 anapoanza.

Macho yake hayawezi kupima kasi, lakini yaweza kabisa kujua kitu kiko mbele au nyuma ya mti. Kwa hiyo tuliacha habari ya kasi. Upande wa Bukoba barabara imenyooka, tukapima mita 180, na hapo kwa bahati pana mkaratusi mkubwa. Tukamwambia: chombo chochote kikiwa kimekwisha kuupita mkaratusi, hata kiwe kidogo namna gani, hata kionekane kimesimama, usivuke, ngoja kipite. Tulimjaribu siku tatu akiwa ukingoni pamoja nasi, na siku ya tatu hakukosea.

Upande wa Muleba kuna kona, na toka kona hadi njia yetu ni mita 60 tu, yaani sekunde 2.7 kwa pikipiki ile ya mbio, na sekunde 4.3 kwa ile ya taratibu. Hapo hakuna alama itakayofaa, wala jicho la mtu mzima halisaidii sana. Ilibidi kumtafutia mahali pengine pa kuvukia, kuelekea Bukoba, ambapo pande zote mbili zinaonekana mbali, na huko tukachagua alama nyingine mbili. Njia hiyo imemwongezea mwendo wa hatua 220. Alama amekwisha kuzizoea. Hatua 220 bado anazinung'unikia, kwa hiyo asubuhi mama humsindikiza mpaka pale.